Dirisha, LED au flashi: mwanga upi kwa picha ya sura nyeusi na nyeupe?

Kwenye picha ya rangi, shati jekundu mbele ya ukuta wa kijani hujitenga lenyewe. Kwenye picha nyeusi na nyeupe vyote viwili vinaweza kuangukia kijivu kilekile, mtu akazama ukutani. Kinachobaki cha kumtoa ni mwanga na kivuli tu. Ndiyo maana majibu ya "nitumie taa gani" hayafanani na yale ya picha za rangi: taa zinazodharauliwa kule hufanya kazi safi huku, na mpangilio unaosifiwa kule, wa mwanga uliojaa kila upande, huku unaleta uso bapa kama wa picha ya kitambulisho.

Nalinganisha vyanzo vitatu ambavyo wengi tunaweza kuvipata: dirisha, taa inayowaka muda wote, na flashi. Kisha naingia kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko aina ya taa, yaani kivuli kiweje na kikae wapi.

Dirisha

Hili ndilo la kulijaribu kwanza, na si kwa sababu ni la bure. Dirisha ni kubwa, kwa hiyo vivuli vyake hufifia polepole badala ya kukatika. Lina upande mmoja tu, kwa hiyo uso unapata umbo. Tena unaona kila kitu kabla hujabonyeza.

Weka kiti karibu na ukingo wa dirisha, si katikati yake, ubavu wa anayekaa ukilielekea. Mwambie atazame mbele, kisha ageuze uso polepole kuufuata mwanga. Mwanzoni nusu ya uso iko gizani. Anapogeuka, kwenye shavu la gizani linatokea doa dogo la mwanga chini ya jicho. Endelea kutazama: kivuli cha pua kinagusana na kivuli cha shavu, na lile doa linazingirwa likawa pembetatu. Mwambie asimame hapohapo. Huo ndio mwanga wanaouita wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Akigeuka zaidi, vivuli viwili vinaachana, uso unafunguka na picha inakuwa na upole zaidi. Kati ya nusu giza na uso uliofunguka kuna picha nne au tano tofauti, na hujagusa taa wala kamera.

Mpiga picha wa Marekani Irving Penn alipokuwa Cuzco, Peru, mwaka 1948, alikodi studio ya mpiga picha wa mji huo na kuwapiga watu kwa mwanga wa mchana. Mwaka huohuo Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali. Naye kazi zake nyingi alizipiga kwa mwanga wa mchana uani, kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma. Ukiziangalia picha za wawili hawa huoni upungufu wa taa.

Upungufu wa dirisha ni mwingine: halikungoji. Wingu likipita, kipimo chako cha mwanga kimebadilika. Jua likiingia moja kwa moja, ule ulaini wote umekwisha, ila ukitundika shuka jeupe jepesi. Vitabu vingi vinasema utafute dirisha la kaskazini, lakini vimeandikwa na watu wa nusu ya kaskazini ya dunia, ambako jua halipiti upande huo. Ukiwa nusu ya kusini, tafuta dirisha la kusini. Ukiwa karibu na Ikweta, jua huhama upande kwa misimu, basi dirisha zuri la Juni linaweza kuwa baya la Desemba. Halafu kuna usiku, ambao dirisha halina jibu lake.

Taa inayowaka muda wote

Zamani ilikuwa balbu kubwa ya waya, yenye joto la kumtoa mtu jasho. Studio za Hollywood za miaka ya 1930 zilitumia taa za namna hiyo, na mpiga picha George Hurrell akajenga nazo mtindo wa vivuli vizito na mashavu yanayong'aa ambao bado unaigwa. (Wanaomwiga wakumbuke kwamba nusu ya ngozi ile laini ilitoka kwenye penseli, si kwenye taa: negativu zilikuwa zinasahihishwa kwa mkono.) Leo kazi hiyo inafanywa na LED.

Sifa yake kubwa ni ileile ya dirisha: unaona kivuli kabla hujapiga. Kwa anayejifunza, hakuna mwalimu bora. Sogeza taa kiganja kimoja juu, uone kivuli cha pua kinavyorefuka kuelekea mdomoni. Sogeza pembeni, uone shavu linavyojaa giza. Flashi haikuonyeshi hayo mpaka picha imeshapigwa.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. LED za bei nafuu zinalaumiwa kwa rangi mbovu, ngozi inatoka na ukijani au inaonekana kama ya mgonjwa. Kwenye picha nyeusi na nyeupe lawama hiyo inapungua uzito sana. Hata kuchanganya taa ya njano na mwanga wa buluu wa dirishani, jambo linalomuumiza kichwa mpiga picha wa rangi, huku ni tofauti tu ya wingi wa mwanga. Tahadhari ni moja: ukija kwenye kompyuta ukaanza kuvuta rangi mojamoja wakati wa kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, zile pande mbili za uso hazitaitikia sawa. Usivute sana, yataisha.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, nguvu ni kidogo. LED ndogo iliyofunikwa kitambaa inakulazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au kufungua lenzi mpaka sikio linapotea kwenye ukungu. Pili, nyingine zinapepesa. Jicho halioni, lakini kamera inaona na kuchora michirizi ya giza kwenye picha, hasa ukitumia shata ya kielektroniki. Umeme wa hezi 50 hufanya taa kama hizo zipepese mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huwa salama. Penye umeme wa hezi 60, tumia 1/60 au 1/120.

Macho nayo yana habari yake. Mbele ya taa inayowaka, mboni husinyaa na ile duara ya kahawia kuizunguka huonekana. Kwa mtu mwenye macho meusi sana hiyo ni faida kubwa, maana pasipo rangi mboni na duara huungana zikawa shimo jeusi. Flashi kwenye chumba chenye giza hulikuta jicho mboni ikiwa imetanuka. Dawa ni kuwasha taa ya kawaida chumbani kabla ya kupiga, hakuna gharama.

Flashi

Flashi ina nguvu, na nguvu hiyo inakupa uhuru wa kufunga lenzi hadi f/8 (tundu dogo, uso wote ukabaki wazi), kuacha ISO chini, na kusimamisha mwendo. Mmweko wa flashi ndogo kwa kawaida ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, na ukipunguza nguvu unazidi kuwa mfupi. Mtoto asiyetulia, mzee anayetetemeka mkono, mtu anayecheka kwa mwili mzima: hapa dirisha na LED zinabahatisha, flashi haibahatishi.

Lakini kuna flashi na flashi. Iliyokaa juu ya kamera, ikimwangalia mtu usoni, inafuta kila kivuli kinachouumba uso na kukiweka ukutani nyuma yake. Malick Sidibé alizunguka kwenye sherehe za vijana wa Bamako miaka ya 1960 akiwa na flashi, na picha zile zina moto wake, ila ni picha za dansi na furaha. Kwa mtu aliyekaa kitini ukitaka kumsoma uso, hiyo siyo njia. Itoe flashi kwenye kamera. Ukiwa na trigeri (kifaa cha kuifyatua ikiwa mbali na kamera) na stendi, iweke pembeni na mwavuli wa studio wa kutawanya mwanga. Usipokuwa navyo, igeuze kichwa ipige ukuta wa pembeni, na ukuta huo ndio utakuwa taa yako kubwa. Wapiga picha wa rangi huogopa kufanya hivyo kwenye chumba chenye kuta za kijani au pinki. Wewe huna sababu ya kuogopa. Ukuta wa pinki unarudisha mwanga vizuri tu.

Tatizo la flashi ni kwamba unapiga gizani, kwa maana ya kutoona. Kivuli unakibashiri, unapiga, unatazama kioo cha kamera, unasogeza, unapiga tena. Anayekaa kitini anaanza kujiuliza kama una uhakika na kazi yako. Kwa aliyekwisha kuzoea si kitu. Kwa anayeanza, ningesema aanze kwingine.

Kivuli kinachokatika na kivuli kinachofifia

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Chanzo kidogo, kama balbu tupu au jua la saa sita, hutoa kivuli kinachokatika kama kilichochorwa kwa rula. Chanzo kikubwa hutoa kivuli kinachofifia. Udogo na ukubwa huo unapimwa kutoka pale alipo anayepigwa: mwavuli wa mita moja ulio karibu na uso ni taa kubwa, mwavuli huohuo ukiusogeza hadi mwisho wa chumba umekuwa taa ndogo. Wengi hununua softiboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga wa taa) kisha wanaiweka mbali ili isionekane kwenye picha, halafu wanashangaa vivuli vimekuwa vikali. Isogeze mpaka ikaribie kuingia kwenye fremu.

Ushauri wa kawaida ni mwanga laini kwa wanawake, mkali kwa wanaume. Siukubali. Cha kuangalia ni ngozi na kile unachotaka isimulie. Mikunjo, makovu, ndevu, vinyweleo: mwanga mkali wa pembeni huvitoa vyote, kila mkunjo ukipata kivuli chake. Kwa uso wa mzee ambaye amekubali umri wake, picha hiyo ina heshima. Kwa asiyeutaka umri wake, ni ukatili. Yousuf Karsh, aliyempiga Winston Churchill huko Ottawa tarehe 30 Desemba 1941, hakuogopa mikunjo, na alijulikana kwa kuimulika mikono ya mtu peke yake kana kwamba ni uso wa pili. Upande mwingine yuko Richard Avedon, ambaye kati ya 1979 na 1984 aliwapiga watu wa magharibi mwa Marekani nje, kivulini, mbele ya karatasi nyeupe. Mwanga wa kivulini hauna upande. Hakuna pembetatu wala drama, ila kila kinyweleo kipo. Njia hiyo inamtegemea mtu mwenyewe kwa asilimia mia. Uso ukiwa hausemi kitu, picha haisemi.

Ngozi nyeusi inastahili aya yake, kwa sababu maelekezo mengi yaliyozagaa yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ngozi nyeupe inachorwa na vivuli. Ngozi nyeusi, inayomeza sehemu kubwa ya mwanga, inachorwa zaidi na mng'ao: ule mstari wa mwanga juu ya paji la uso, mgongoni mwa pua, kwenye mfupa wa shavu na ukingo wa taya. Ukiiwekea taa ndogo, mng'ao unakuwa vidoa vyeupe vilivyotawanyika kama jasho, hata kama mtu ni mkavu. Ukiongeza nguvu ya taa, vidoa vinaungua na ngozi inabaki palepale. Jibu ni kuikuza taa badala ya kuiongeza nguvu, na kuipeleka ubavuni, usawa wa sikio au nyuma yake kidogo. Hapo mng'ao unakuwa utepe mrefu unaoteleza kutoka kwenye jicho hadi kidevuni, na uso mzima unapata umbo bila kulazimishwa kuwa mweupe. Dirisha kubwa linafanya hivi kuliko taa yoyote ndogo. Poda kidogo ipunguze mng'ao wa puani tu. Ukiufuta wote umefuta uso.

Ubao mweupe au kitambaa cheusi

Upande wa giza wa uso una njia mbili. Ubao mweupe, au hata shuka, ukiusimamisha mkabala na taa unarudisha mwanga na kuinua kivuli. Kitambaa cheusi kinafanya kinyume: kinaumeza mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta na kukizamisha kivuli. Kwenye picha za rangi ubao ndio unaotawala. Kwa nyeusi na nyeupe mimi huanza na kitambaa cheusi, hasa kwenye vyumba vidogo vyenye kuta nyeupe, ambako mwanga hurukaruka kila upande na kuua kivuli hata ukiwa na taa moja. Wengi wanaodhani wanahitaji taa ya pili wanahitaji kupunguza mwanga, si kuongeza.

Kuna pia suala la upande wa uso unaoelekea kamera. Mtu akigeuza uso kidogo pembeni, shavu moja linaonekana pana, jingine jembamba. Ukimulika lile jembamba na kuacha pana kivulini, uso unapungua na kupata kina. Ukimulika pana, uso unajaa. Kwa mtu mwembamba sana wa mashavu, mwanga wa upande mpana ni msaada. Kwa waliobaki, nachagua upande mwembamba bila kufikiri mara mbili.

Ukuta wa nyuma

Ukuta mmoja mweupe unaweza kukupa nyeupe, kijivu na karibu nyeusi. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: mara mbili ya umbali, robo ya mwanga. Mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta mita 2 kutoka kwenye taa hiyohiyo, ukuta unapata robo ya mwanga wake, yaani stopu mbili chini (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza mara mbili). Ukuta ukiwa mita 3, unapata moja ya tisa, na tayari ni kijivu kizito. Peleka taa mbali na wote wawili, na ukuta unarudi kuwa mweupe. Kwa dirisha kubwa mpunguo huo ni wa polepole zaidi ukiwa karibu nalo, lakini mwelekeo ni uleule.

Kupima, na rangi usizoziona

Kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Uso mweusi mbele ya kitambaa cheusi itaupandisha mpaka uwe wa kijivu chenye vumbi; uso mweupe kwenye ukuta mweupe itaushusha. Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer walipopanga mfumo wao wa kanda za mwanga karibu na mwaka 1940, hoja ilikuwa hiyohiyo: wewe ndiye unayeamua ngozi ikae kijivu kipi. Kwa ngozi nyeusi punguza stopu moja hivi kutoka pale kamera inapotaka, kwa nyeupe ongeza moja, kwa maji ya kunde iache palepale au karibu yake, kisha utazame.

Piga RAW (faili ghafi ya kamera) na uiweke kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe kiooni: unaona kijivu unapopiga, na rangi zote zinabaki kwenye faili. Utazihitaji wakati wa kugeuza. Ukiipa nguvu nyekundu, ngozi inang'aa na chunusi zinafifia. Ukiipa buluu, ngozi inazama, midomo inakuwa myeusi na kila doa linajitokeza. Filamu za zamani zisizoona nyekundu zilikuwa hivyo kwa lazima.

Nani achukue nini

Unaanza na una chumba chenye dirisha: baki hapo, nunua kitambaa cheusi tu. Unapiga usiku baada ya kazi, au chumba hakina dirisha la maana: LED moja kubwa kiasi, na kitambaa cheupe mbele yake. Unapiga watoto, vikundi, au watu wanaokuja kwa miadi na kutaka matokeo yasiyobadilika asubuhi hadi jioni: flashi moja, stendi, trigeri na mwavuli.

Taa ya pili ingojee, ila kwa hali moja. Mtu mwenye nywele nyeusi mbele ya ukuta au kitambaa cheusi hupoteza kichwa. Uso unaelea peke yake. Hapo taa ndogo ya nyuma, juu ya bega la upande wa giza, inarudisha ukingo wa nywele na shingo. Kabla hujaitoa kwenye begi, jaribu kwanza kumsogeza mtu mbele ya kijivu. Mara nyingi hiyo inatosha.